Mizinga ya Bi. Stumai na Bunduki Iliyovuja Upepo

Nzuguni, 16 Novemba

Kumbukumbu za kiufundi za karakana ninaziandika ofisini, kwa kalamu nyeusi, katika jedwali lenye safu za tarehe, kifaa, hitilafu na hatua iliyochukuliwa. Hapa nitaandika yale ambayo jedwali halina safu yake. Leo, kwa mfano, jedwali limepokea maneno haya: bunduki ya misumari inavuja upepo. Halikupokea kwamba upepo huo unavuja kwa sauti nyororo, kama mtu anayembembeleza mtoto katika chumba cha jirani, wala kwamba nimeisikiliza asubuhi nzima hadi nikahisi karakana yote inaambiwa ilale.

Mwenye karakana ni Mzee Apolinari. Alikuwa bwana misitu hadi alipostaafu. Sasa anatengeneza mizinga ya nyuki ya masanduku, kwa mbao za msonobari kutoka Iringa. Alitaka mhitimu wa uhandisi mitambo wa kuangalia mashine zake kwa msimu mmoja, nami nilitaka mahali ambapo kazi yangu ingeonekana. Amesema waziwazi kwamba atanipima kwa jambo moja tu: mizinga ya Bi. Stumai.

Bi. Stumai ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaofuga nyuki upande wa magharibi wa Chemba. Miaka yote walitundika mizinga ya magogo. Mwaka huu aliwashawishi wenzake waachane na magogo na wasubiri masanduku yetu, nao wakamsikia. Hakuna hata mmoja aliyechonga. Mvua zikianza, migunga itachanua na makundi ya nyuki yatakuja kutafuta makazi. Mizinga isipokuwa mitini wakati huo, akina mama hao watakaa mwaka mzima bila asali, na Bi. Stumai hatasikilizwa tena kijijini kwake. Yote haya yanategemea bunduki yenye kuvuja.

17 Novemba

Seremala wetu ni Elisha, mtu wa Mvumi, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Bunduki ya misumari anaiita Bibi, kwa sababu, kwa maelezo yake, inalalamika hata ikiwa imekaa. Mimi ananiita Injinia, kwa namna ambayo mtu humwita "mzee" mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Leo nimemwona akiidondoshea bunduki mafuta ya alizeti, mahali unapoungwa mpira wa upepo, kutoka chupa ya soda iliyotobolewa kifuniko. Nilimweleza, kwa lugha ya heshima, kwamba mafuta ya kupikia hayafai kwa mashine ya namna ile, kwani yakikaa kwenye joto na hewa hugeuka gundi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, akaipangusa chupa na kuirudisha palepale rafuni.

Moyoni nimemweka katika kundi la wazembe. Ninakusudia kuwa mvumilivu.

18 Novemba

Joto. Mawingu yalisogea hadi usawa wa Ihumwa, yakatutazama, yakarudi.

20 Novemba

Kompresa yetu haipumziki. Kazi yake ni kujaza tangi upepo kisha kunyamaza hadi upepo upungue. Lakini kwa kuwa bunduki inauachia hata pasipo mtu kuigusa, kompresa inanguruma tangu tunapofungua hadi tunapofunga, na sindano ya geji inatetemeka chini ya kiwango. Misumari inaingia nusu. Elisha anaimalizia kwa nyundo, mmoja mmoja, huku akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya pua.

Nimeomba ruhusa ya kuifungua. Kwanza niliipaka povu la sabuni ikiwa na upepo ndani, na mapovu yakanionyesha mahali: kishada kidogo chini ya kifyatulio, na kingine kikubwa juu, kwenye tundu la kutolea upepo. Nilikaa nikiyatazama yakivimba. Katika kila povu mlikuwa na mlango wa karakana uliopinda, na jua, na Elisha mdogo kabisa akiwa amesimama kichwa chini.

Kisha nilikata upepo, nikaondoa misumari, nikafungua boliti za kifuniko. Ndani mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni inayoshuka kuupiga msumari. Kinachouzuia upepo usipite pembeni ni oringi, yaani pete za mpira, baadhi ndogo kuliko pete ya kidole. Zote zilikuwa zimechoka. Ile ya pistoni ilikuwa imebonyea upande mmoja kama mwezi uliopungua, na ngumu kama kwato. Kila kitu kilikuwa kimepakwa utando wa rangi ya asali iliyoungua, ambao ukucha haukuweza kuutoa. Alizeti.

Nilimwonyesha Elisha bila kusema neno, nikijivunia ukimya wangu. Aliuchukua ule mpira mgumu, akaugeuza kwenye mwanga, akasema, "Kumbe."

21 Novemba

Mjini, nikitafuta oringi. Duka la kwanza hawana. La pili wana za matrekta. La tatu, karibu na Majengo, muuzaji alinipa za pikipiki na kuniapia kwamba mpira ni mpira.

22 Novemba

Mpira si mpira. Ile ya pikipiki ni nene mno. Pistoni ilishuka mara moja na haikupanda tena. Elisha aliuliza kama Bibi amelala au amefariki.

24 Novemba

Nimezipata, Kizota, kwa mzee mmoja wa vipuri vya haidroliki ambaye huziweka kwenye makopo ya maziwa ya unga kwa kufuata ukubwa. Nilipima kila moja kwa kifaa changu cha chuoni. Alinitazama kwa subira ya muuza vitambaa anayengoja bibi harusi aamue.

Nikiwa njiani kurudi, treni ya umeme ilipita mbali kwenye tambarare, bila moshi, kama wazo la mtu mwingine. Nilizishika pete zangu mfukoni na kujisikia mwenye siri.

25 Novemba

Nimefaulu.

Nilisafisha utando wote kwa mafuta ya taa, nikakausha, nikavisha oringi mpya kwa kijiti cha mswaki badala ya bisibisi, ili ncha isizichane. Kila moja niliipaka mafuta ya mashine ya upepo niliyoyaagiza, mekundu, halisi, nikahakikisha haikujisokota inapokaa kwenye mfereji wake. Nikafunga boliti kwa kupishana, ili kifuniko kikae sawa. Nikaunga mpira wa upepo.

Hakuna kilichosikika. Kompresa ilipanda, ikajaa, ikanyamaza, na ukimya ukaingia karakanani kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Mzee Apolinari alitoka ofisini kuuliza kama umeme umekatika. Elisha alifyatua msumari. Ukazama hadi kichwa. Akafyatua mwingine. Aliniangalia, safari hii bila lile koti la baba machoni mwake, akasema, "Injinia, Bibi amerudia usichana."

Mzee aliandika jina langu kwenye ubao wa kazi, kwa chaki, mbele ya neno "mizinga". Chupa ya alizeti nimeipeleka jikoni kwa mama ntilie.

26 Novemba – 1 Desemba

Kazi. Tak, tak, tak. Masanduku yanapanda ukutani. Mvua bado.

2 Desemba

Nimeota nyuki wamekuja kwenye usaili. Walipanga foleni mlangoni mwa karakana, kila mmoja na bahasha, nami nilikuwa nyuma ya meza nikiwauliza uzoefu wao. Mmoja aliniuliza wa kwangu. Niliamka kabla ya kumjibu.

Mchana tulikula ugali wa mtama na mlenda, Elisha na mimi, tumekaa juu ya mizinga miwili iliyogeuzwa. Aliniuliza nyumbani kwetu wanasemaje kuhusu binti mwenye shahada anayeshinda na misumari. Nilimwambia kwamba baba huwaeleza watu kuwa niko "kwenye viwanda". Alicheka hadi mlenda ukamponyoka.

6 Desemba

Mvua. Ilianza kama mtu anayemwaga mchanga juu ya bati, kisha ikawa kelele moja isiyo na mapengo. Tuliacha kazi tukasimama mlangoni. Vumbi la Nzuguni lilitoa ile harufu ambayo nadhani watu wa hapa huzaliwa wakiijua. Mzee Apolinari alinyoosha mkono, akaulowesha, akajipaka usoni, kisha akasema kwamba sasa muda wetu umeanza kuhesabika.

9 Desemba

Bi. Stumai alifika leo na mwenzake, Bi. Hamida, kuchukua fungu la kwanza. Nilikuwa nimepanga mizinga kwa mistari, vifuniko vyote vikitazama upande mmoja, na nilikuwa nimetayarisha maelezo mafupi. Niliwaamkia, Bi. Stumai akaitikia marahaba, akaniuliza kama mimi ndiye binti aliyemtibu Bibi. Kumbe Elisha amekuwa akimpa habari kwa simu. Ni mwanamke mwembamba, mwenye mwendo wa mtu asiyepoteza hatua. Alisikiliza maelezo yangu yote, pamoja na sehemu ya shinikizo la upepo, akinitazama mdomoni kana kwamba maneno yalikuwa yakitoka yakiwa na sura.

Kisha alifunua mzinga na kuingiza uso ndani, hadi masikioni. Alikaa humo kwa muda. Alifunua wa pili. Akamwita Bi. Hamida, naye akainama, na wakasemezana kwa lugha yao, ile yenye milio ya ulimi, mifupi na mikavu kama vijiti vinavyovunjika. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kwamba hawakuwa wakisifu.

"Mwanangu," akasema Bi. Stumai, "kazi ni nzuri, mbao zimeshikana. Lakini mzinga huu unanuka gari."

Niliingiza uso wangu mwenyewe. Nilisikia msonobari. Nilisikia utomvu. Nilirudia, nimefumba macho, na ndipo nikaipata, nyuma ya kila kitu, nyembamba, tamu kidogo: ile harufu nyekundu ya mafuta yangu halisi.

Nilimwambia kwamba harufu ingeondoka.

"Itaondoka lini? Migunga kwetu imeshatoa vitumba."

Aliketi juu ya mzinga mmoja na kunieleza kwa utaratibu, bila hasira, kama anayemwelekeza mtu njia. Nyuki anayetafuta nyumba huingia kwanza na pua. Akikuta nta ya zamani, hukaa. Akikuta moshi wa gereji, hupita. Yeye alisimama mbele ya wenzake akawaambia waache magogo. Shemeji yake, ambaye ana mizinga yake ya magogo mitini tayari, humsalimia kila asubuhi kwa kuuliza masanduku yamefika wapi. "Nikiyapeleka haya," akasema, "nyuki watapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwake, na mimi nitakuwa nimekaa chini nikiwaangalia."

Hakuchukua hata mmoja. Mzee Apolinari aliwaletea chai, akawasindikiza hadi stendi, akarudi. Nilikuwa nimesimama palepale. Nilitegemea maneno makali na nilikuwa nimejiandaa kuyapokea kwa heshima.

"Mashine imepona," akasema. "Sasa nitafutie mizinga."

10 Desemba

Jumla ya niliyoelewa leo, kwa kuzungumza na Elisha tukiwa tumekaa kando ya kompresa iliyozimwa.

Bunduki ya upepo, kila inapofyatua, huutoa nje upepo uliokwisha kazi, na upepo huo hubeba ukungu wa mafuta. Nilisoma jambo hilo chuoni kama kero ndogo kwa macho ya fundi. Sikuwaza kwamba ukungu huo unatua juu ya mbao, wala kwamba mbao hizo zina mpangaji mwenye pua.

Elisha aliwahi kutumia mafuta ya mashine. Mteja mmoja wa Kondoa alirudisha mizinga, akilalamika kwamba nyuki wameikataa. Elisha hakuwa na hakika ya sababu. Alikisia tu, akahamia alizeti, maana alizeti haimchukizi mdudu wala mtu. Malalamiko yakaisha. Bibi alipoanza kuvuja, alidhani ni uzee, na hakuoanisha hayo mawili hadi siku nilipomwonyesha ule utando. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza nilipoleta mafuta mekundu. Alikuna shingo. Alisema kwamba bunduki ilipiga vizuri sana siku ile, na yeye naye alitaka sana kuamini.

Kwa hiyo nilikuwa nimemhukumu kwa chupa ya soda, kumbe ilikuwa adabu yake kwa nyuki. Nimemtoa katika kundi lile, na kundi lenyewe nimelivunja.

Tatizo sasa ni hili. Alizeti inaua oringi. Mafuta ya mashine yanafukuza nyuki. Na bila mafuta kabisa, mpira mkavu utachanika kabla ya mwisho wa wiki.

11 Desemba

Nyundo. Sisi wawili na Mzee. Msonobari unapasuka kwenye kingo ukipigwa kwa mkono, lazima kila tundu litobolewe kwanza. Mikono yangu imevimba. Kwa mwendo huu tutamaliza maua yakiwa yamekuwa mbegu.

12 Desemba

Nyundo. Mvua mchana. Mizinga iliyokataliwa tumeianika uani, jua linaikausha, mvua inailowesha, harufu imekaa tu kama mpangaji anayedai mkataba wake haujaisha.

13 Desemba

Nilikuwa nimelala chali juu ya mbao baada ya chakula, nikiyaangalia mawingu kupitia pengo la bati. Yalikuwa meupe bila doa, mazito, yakienda polepole kuelekea Mtera. Nilikuwa nawaza juu ya kitu cheupe, kizito kidogo, kisicho na harufu wala ladha, na taratibu nikagundua kwamba sikuwa nikiwaza mawingu. Nilikuwa nakumbuka kabati la dawa la nyumbani, na chupa ambayo shangazi yangu aliiheshimu kuliko zote, ile ya mafuta meupe ya parafini, ya watu waliofunga choo.

Niliinuka ghafla nikamwaga misumari.

Mafuta hayo ni ya madini, yamesafishwa hadi hayana harufu. Hayagandi kama ya mbegu. Mpira wa oringi zangu hauyaogopi. Na kama binadamu anaweza kuyanywa, nyuki hana hoja.

14 Desemba

Kwenye duka la dawa, dada wa kaunta aliniuliza kama mgonjwa ni mtoto au mtu mzima. Nilijibu kwamba ni mashine. Alisema pale wanahudumia watu. Nilimweleza, kwa kadiri ya uwezo wangu, juu ya pistoni na ukungu wa mafuta, na foleni nyuma yangu ikasikiliza yote kwa makini. Mzee mmoja akashauri kwa upole kwamba papai lingetosha.

Nilirudi na chupa. Elisha aliposoma maelezo yake alikaa chini. Tangu saa hiyo hadi jioni kila aliyepita karakanani aliarifiwa kwamba Bibi yuko kwenye dozi.

15 Desemba

Niliifungua bunduki upya. Nilitoa kila oringi, nikaosha mafuta mekundu kwa sabuni na maji ya moto, nikakausha juani, nikaosha tena. Nilipaka parafini kwa ncha ya kidole, kidogo sana, hadi mpira ung'ae tu. Nikafunga. Haikuvuja.

Nikageuza pia kile kifuniko cha juu kinachoelekeza upepo unaotoka, ili uende nyuma, kwa mpigaji, badala ya kwenda kwenye mbao. Elisha alisema sasa Bibi anampumulia usoni na kwamba amewahi kupata wachumba wabaya zaidi.

Utaratibu tuliokubaliana: kila asubuhi, tone la parafini, kisha kufyatua kwenye vipande vya mbao za kutupa, mmoja ameshika kitambaa cheupe mbele ya tundu la upepo. Kitambaa kikibaki kikavu na bila harufu, ndipo mzinga wa kwanza unaletwa.

Kitambaa kimebaki kikavu. Mzee ananusa na kusema hakuna kitu. Elisha ananusa na kusema hakuna kitu. Lakini mizinga ile ya kwanza nayo, kwa pua zetu, ilikuwa haina kitu.

16 – 19 Desemba

Tak, tak, tak. Tunajenga nyumba ambazo hatujui kama zitapangishwa.

20 Desemba

Bi. Stumai alipiga simu. Migunga imefunguka kwao; anasema vilima vimekuwa vya njano na asubuhi hewa ni tamu mpaka kooni. Akina mama wawili wamechonga magogo kwa siri, amewaona, amejifanya hakuwaona. Hakuuliza idadi ya mizinga. Aliuliza harufu.

Nilimwambia kwamba kwa maoni yangu haipo.

"Unaamini au unajua?"

Nimefundishwa kutofautisha hayo mawili, na nimewahi kupata alama za juu kwa kuyatofautisha. "Ninaamini, mama," nikasema.

Akasema atakuja mwisho wa mwezi na gari, na kwamba atainusa mwenyewe mmoja baada ya mwingine.

25 Desemba

Krismasi nyumbani. Pilau, kwaya, wajomba. Nilinusa kila kitu kabla ya kukila. Mama akaniuliza kama nina mafua.

27 Desemba

Mizinga mipya tumeitoa uani kukaa kando ya ile iliyokataliwa, kwa kuwa ndani hamna nafasi. Elisha amesugua nta ndani ya kila mmoja. Adhuhuri niliona nyuki mmoja. Alizunguka mdomo wa mzinga wa fungu la kwanza, bila kutua, kama mtu anayesoma tangazo la kazi na kuona sifa hazimfai, akaenda zake. Sikumwambia mtu.

28 Desemba

Umeme ulikatika tangu asubuhi, basi hatukuwa na la kufanya ila kukaa, na ndiyo maana tuliona kila kitu.

Walianza kwa wachache. Elisha ananiambia hao ni wapelelezi. Walikwenda kwenye mizinga ya kwanza, wakaning'inia hewani mbele ya kila mlango, wakaacha. Halafu mmoja akatua kwenye mdomo wa mzinga mpya, wa pembeni, ulio karibu na ua. Alitembea kingoni. Alisimama. Akaingia.

Sijawahi kusubiri matokeo ya mtihani kwa namna ile. Elisha alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mzee Apolinari, ambaye ameishi na nyuki maisha yake yote, alikuwa ananong'ona kitu ambacho huenda kilikuwa sala. Yule nyuki alitoka, akaruka, akarudi na wenzake, nao wakaingia na kutoka, wakipima kuta zangu kwa miguu yao.

Baada ya chakula lilikuja kundi lenyewe, kutoka upande wa mashamba ya zabibu. Kwanza tulidhani ni kivuli cha wingu. Kilishuka juu ya uwanja kikiwa na sauti, kikazunguka juu ya mizinga yote, kikapungua, kikajikusanya, kikamiminika ndani ya mlango ule mmoja kama maji yanavyoingia chupani. Hewa ikabaki tupu. Jua lilikuwa lilelile, uwanja uleule, lakini sanduku moja lilikuwa na wenyewe.

Nilimpigia Bi. Stumai. Nilitaka kumweleza kwa mpangilio; nikaanzia mwisho.

"Wameingia, mama," nikasema. "Wenyewe. Hatukuwaita."

"Sasa unajua," akasema. "Nakuja kesho kutwa."

30 Desemba

Alikuja, na bado akanusa, mmoja baada ya mwingine, kama alivyoahidi. Alipofika wa mwisho alijifunga kanga kiunoni upya, akaanza kubeba.

Dereva wa lori, Daudi, hakuwa na tatizo na mizinga mitupu. Tatizo lake lilikuwa ule wenye nyuki, ambao Elisha alikuwa ameuziba mlango kwa nyasi na kuufunga kwa kitambaa. Alisema amebeba mbuzi, amebeba jeneza, amebeba maharusi waliogombana, lakini hicho habebi. Bi. Stumai alimuuliza anaogopa nini. Akasema anaogopa tuta. Bi. Stumai akasema basi yeye atakaa nyuma, ataushika mzinga huo kwa mikono yake hadi kijijini, na tuta likija atalipokea yeye. Daudi aliutazama mzinga, akamtazama mama, akasema ataendesha polepole.

Waliondoka jua likiwa limepungua ukali. Bi. Stumai alikaa juu kabisa, mkono mmoja juu ya mzinga uliofungwa. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa kaskazini, wanakokwenda, na lori lilivyozidi kuwa dogo nilishindwa kutambua kama bado ninaliona.

Mizinga ya fungu la kwanza imebaki. Kuku wa mama ntilie ametaga ndani ya mmoja.

14 Januari

Mvua nyingi. Barabara ya Chemba imekatika sehemu. Simu ya Bi. Stumai haipatikani.

23 Januari

Haipatikani. Tunatengeneza mizinga ya mteja wa Mtera. Bibi hajavuja.

8 Februari

Mzee Apolinari ameniomba niandike taarifa ya msimu, na katika taarifa kuna mahali pa kujaza: mizinga iliyopata nyuki, kati ya yote iliyopelekwa. Nilikuwa nimeacha nafasi hiyo wazi. Leo jioni, tukiwa kwenye kazi za mwisho, simu iliita, na alikuwa Bi. Stumai. Alikuwa kwenye kilima chenye mtandao, ambapo mizinga yao imetundikwa. Nilimwamkia, nikauliza habari za nyumbani, za watoto, za wenzake. Akajibu salama kwa kila moja, na kwamba yale magogo mawili yaliyochongwa kwa siri yamekuwa kuni. Kisha, kwa adabu yote, nikamuuliza ni mingapi.

"Kwetu nyumbani, mzinga ukishapata wenyewe hauhesabiwi," akasema. "Mama yangu hakuhesabu. Mimi sihesabu."

Nilimweleza kuhusu taarifa. Nilimweleza kwamba hata makadirio yangefaa.

"Mwanangu, sikiliza."

Nikasikia simu ikigusa mbao ya mzinga. Kompresa ilikuwa ikinguruma, sikupata kitu. Nikainua mkono, na Elisha akaweka bunduki chini, akaenda kuizima kompresa. Mzee akatoka ofisini. Tuliinamisha vichwa vyetu vitatu juu ya ile simu ndogo.

Ilikuwa sauti nene, ya chini, isiyo na mwanzo. Ikakaa. Halafu ikakatika, na tukasikia nyasi, na pumzi yake akitembea, mwendo wa mtu asiyepoteza hatua. Kisha simu ikagusa mbao nyingine, na sauti ikarudi. Nyasi tena. Mbao tena. Alikuwa akitupitisha mti kwa mti, katika jioni ya huko ambayo hatukuiona.

Nilianza kuhesabu. Kisha nikaacha.